Simba wa Akagera Walisubiri Uzio

Mfugaji akikuta ng'ombe wake ameliwa na simba, habishani na mtu. Anatia sumu kwenye nyama iliyobaki na kuiacha palepale, kwa kuwa anajua simba huurudia mzoga. Usiku mmoja kundi zima linaweza kufa, pamoja na fisi na tai. Nimekulia Kyerwa, mkoani Kagera, nyumba ya wafugaji, na hasira hiyo naijua. Ndiyo iliyowamaliza simba ng'ambo ya mto Kagera, katika Hifadhi ya Akagera, Rwanda.

Akagera ilianzishwa mwaka 1934, enzi za Wabelgiji. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wakimbizi wa miaka mingi walirejea kutoka Uganda na Tanzania wakiswaga mifugo yao. Ardhi ya kuwatosha haikuwepo, wakaingia hifadhini. Mwaka 1997 serikali iliimega, ikabaki chini ya nusu: kilomita za mraba zipatazo 1,120. Ng'ombe na simba wakajikuta kwenye malisho mamoja, na aliyepoteza ni simba. Siwalaumu wafugaji wale. Ng'ombe ndiye ada ya shule na mahari, na hakuna aliyekuwa akiwafidia.

Mwaka 2010 Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ilikubaliana na shirika la African Parks kuiendesha hifadhi kwa pamoja. Hapo ndipo ninapowavulia kofia, kwa sababu hawakuanza na simba. Walianza na uzio wa umeme wa kilomita 120 upande wa magharibi, kwenye vijiji na mashamba, ukakamilika 2013. Mashariki kuna vinamasi, maziwa na mto Kagera wenyewe.

Simba wakaja katikati ya 2015. Walikuwa saba, majike matano na madume mawili, kutoka KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Huku kwetu watu huuliza: Serengeti ipo hapa, ya nini kwenda mbali hivyo? Ni kwamba hifadhi nyingi ndogo za kule zimezungushiwa uzio. Simba wakizaana hawana pa kuhamia, na wanaozidi hutafutiwa makazi mengine. Tena wamekwisha kuzoea waya na magari ya watalii, jambo ambalo simba wa mbuga ya wazi angelazimika kujifunza.

Walipigwa sindano za usingizi, wakasafirishwa kwa ndege hadi Kigali, kisha kwa barabara. Walipofika hawakufunguliwa mlango waende. Waliwekwa kwanza ndani ya boma la umeme kwa muda wa wiki mbili hivi, wakilishwa na kuchunguzwa afya. Wakati huo pia walizoeana, maana majike waliotoka sehemu tofauti wakiachiwa siku ya kwanza wangeweza kutawanyika kila mmoja na njia yake. Shingoni walivishwa vifaa vya setilaiti vya kuonyesha walipo.

Mwaka uliofuata watoto walizaliwa. Mwaka 2017 yakaletwa madume mengine mawili kutoka Afrika Kusini, na hilo halihitaji profesa kulieleza: kila mfugaji anajua fahali mmoja akiachwa zizini miaka mingi, atapanda mabinti zake. Leo simba wa Akagera wamepita 40.

Magazeti husifu simba na kusahau pesa. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake kwa miradi ya vijiji vinavyozizunguka, na upo mfuko wa kuwafidia waliodhuriwa na wanyamapori. Kwangu mimi mfuko huo una uzito sawa na nyaya za umeme. Anayejua kuwa atalipwa ana sababu ya kuiacha sumu dukani.

Upande wetu wa mto, Ibanda-Kyerwa ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Atakayekuja siku moja kutuambia habari za kuleta simba, asituonyeshe picha zao kwanza. Atuambie uzio utapita wapi, na ng'ombe akiliwa atalipwa na nani, ndani ya siku ngapi.