Askari wa Damu Walio Wengi Kupita Kiasi

Shuleni tulifundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Katika tone dogo kabisa, la ujazo wa milimita moja, mtu mzima mwenye afya anazo 4,000 mpaka 11,000 hivi. Je, mtoto aliye na 80,000 ana ulinzi mkubwa kuliko wenzake? La, hasha! Huenda yu katika hatari ya kufa.

Mwaka 1847 mganga Mjerumani Rudolf Virchow aliuita ugonjwa huo leukemia, maana yake kwa Kigiriki damu nyeupe. Katika uboho wa mifupa, mahali damu izaliwapo, chembe changa huongezeka bila kukomaa. Ni umati wa watu waliovaa mavazi ya askari, wasiojua kushika silaha. Wanajaza nyumba yote, hata chembe nyekundu na zile za kugandisha damu zikose nafasi. Ndiyo sababu mgonjwa hupauka, hutoka damu katika ufizi, na homa haimwachi. Kwetu wazazi hudhani ni malaria tu. Dawa ya malaria ikishindwa, na madoa ya damu yakionekana chini ya ngozi, damu ipimwe upesi.

Leukemia kali iwapatayo watoto zaidi ni ile ya limfositi. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 9, mwenye chembe nyeupe pungufu ya 50,000, huhesabiwa kuwa na matumaini zaidi. Aliyefikia hesabu hiyo au kuipita hupewa dawa zenye nguvu kubwa zaidi.

Lakini sisi walimu twajua kwamba alama za mtihani wa kwanza hazimalizi mwaka. Baada ya majuma ya kwanza ya dawa, waganga huutafuta ugonjwa uliojificha katika uboho, hata chembe moja kati ya 10,000. Kipimo hicho hukiamini sana. Tena wako wanaohesabu limfositi nzima, askari wa kweli: katika uchunguzi kadha wa kadha, wagonjwa ambao askari hao walirudi mapema waliishi, kwa jumla, kuliko wale waliocheleweshewa. Yadhaniwa kwamba hao humaliza mabaki ya adui. Hesabu hiyo haina gharama kubwa, lakini haitoshi peke yake kuchagua dawa, kwa maana limfositi hupungua pia kwa maambukizo na kwa dawa zenyewe.

Basi mzazi akitajiwa hesabu ya damu ya mwanawe, na aulize ni ya siku gani: ya kabla ya dawa, ama ya baada.