Moshi wa Jikoni na Maji ya Mto Mara

Msafiri atokaye Musoma kwenda Tarime hana budi kuuvuka Mto Mara katika daraja la Kirumi. Hapo mto umekwisha choka, hauendi mbio tena. Umetandaa katika mafunjo na matete pande zote mbili, wala jicho halitambui upesi ni wapi maji yanakwisha na ni wapi nchi kavu inaanza. Maji hayo yametoka mbali. Asili yake ni msitu wa Mau katika Kenya, ambako mito miwili, Nyangores na Amala, hushuka ikakutana ikawa mmoja. Kisha hupita Maasai Mara, huingia Tanzania katika Hifadhi ya Serengeti, hupita baina ya wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti, na mwisho humiminika katika Ziwa Viktoria. Safari yote ni karibu kilomita 400. Nyumbu zaidi ya milioni moja huufuata wakati wa kiangazi, kwa kuwa katika nchi ile yote ndio mto usiokauka mwaka mzima.

Wageni kutoka Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi waje kuwatazama nyumbu hao wakivuka. Sisi hatukwenda kutazama nyumbu. Tulikwenda kutazama majiko.

Wasomaji wetu wengi watakumbuka habari za mwezi wa Machi, 2022. Maji ya mto, katika sehemu ile ya chini yenye mafunjo, yaligeuka yakawa meusi na kunuka, na samaki wakaelea wamekufa. Serikali iliwazuia watu kwa muda wasivue wala wasiyatumie maji yale, ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ilipotoa jawabu ilisema kwamba sababu kubwa ni samadi na mkojo wa ng'ombe wengi walishwao bondeni, pamoja na magugu yaliyooza majini, hata hewa ya oksijeni iliyomo katika maji ikapungua na samaki wakakosa pumzi. Wako watu wengi ambao hawakuridhika na jawabu hilo. Walikumbuka kwamba huko Nyamongo, wilayani Tarime, uko mgodi mkubwa wa dhahabu, na kwamba mwaka 2009 yalizuka malalamiko makubwa juu ya maji ya mto Tigithe, ambao huingia katika Mara.

Sisi si wakemia, wala hatukusudii kuihukumu daawa hii gazetini. Lakini liko jambo moja lisilo na ubishi. Kila kiozacho ndani ya maji hula hewa ya maji yale. Wataalamu waliouchunguza Mto Mara upande wa Kenya walitangaza mwaka 2018 kwamba hata mavi ya viboko, yakikusanyika madimbwini wakati wa kiangazi na kisha mvua ikayasukuma ghafula, huua samaki. Ikiwa viboko wanaweza, basi makundi ya ng'ombe wetu yatashindwaje? Kwa hiyo hata mtu asiyeiamini kamati aweza kukubali kwamba samadi iingiayo mtoni si kheri kwa mto. Na ajabu ni kwamba kitu hicho hicho kilichosemwa kuua samaki kule Kirumi ndicho kinachokosekana katika jiko la bibi mmoja tuliyemtembelea Mugumu.

Bibi huyo anaishi ukingoni mwa mji, pamoja na wajukuu watatu. Tulimkuta jikoni, akiinama juu ya mafiga matatu, na moshi umejaa hata tuliposema shikamoo hatukuona aliyejibu marahaba. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti nje. Tulipomwambia kwamba sisi ni watu wa gazeti, na kwamba tunataka kuandika juu ya kuhifadhi miti, alicheka.

"Wanangu," akasema, "ninyi mtaandika. Je, mmekwisha kubeba mzigo wa kuni?"

Tukasema hatujabeba. Basi akamwita mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka kumi na moja hivi, akatuonyesha alama ya kamba katika bega lake. Zamani, alisema, kuni zilikuwa nyuma ya nyumba. Sasa mtoto huondoka asubuhi akarudi adhuhuri, na siku ya kuni hafiki chuoni. "Wenziwe wameingia juzuu ya pili," akasema bibi, "yeye bado yuko Amma." Hakulisema kwa ukali, ila mtoto aliinamisha kichwa.

Tumeyaandika haya kwa sababu katika magazeti mengi habari za miti huanzia kwa miti. Huhesabiwa ekari zilizokatwa, huonywa juu ya jangwa, na msomaji hufunga gazeti akaenda kununua gunia la makaa. Hasara ya kwanza haikumfikia mti; imemfikia mtoto yule. Na ya pili imefika katika kifua cha nyanya yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani, utokanao na kupikia kuni, makaa, samadi kavu na mfano wa hivyo, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na katika hao watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Wengi wanaovuta moshi huo ni wanawake, na watoto waliofungwa migongoni mwao. Sisi wanaume, tulao futari iliyokwisha kuiva, hatuuoni.

Mafiga matatu ni jiko la wazee wetu, na lina heshima yake. Lakini moto wake huenda pande zote, na sehemu ndogo tu ndiyo ipandayo katika chungu. Jiko la udongo lililozungushiwa ukuta, lenye mlango mmoja wa kutilia kuni na matundu mawili ya vyungu, hupika vyungu viwili kwa moto mmoja. Na likiwekewa bomba la kutolea moshi, nyumba hupumua. Udongo wa kichuguu wafaa sana, ukichanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa na ukaachwa ukauke taratibu kivulini, kwa maana likikaushwa juani hupasuka. Halihitaji fundi wa mbali. Kijana aliyewahi kusaidia kujenga nyumba ya udongo aweza kulijenga, na twapenda vijana wetu wa madrasa walifanye kazi hii siku za likizo, waanze na nyumba za wajane.

Serikali nayo imejiwekea shabaha. Mwezi wa Mei, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na makusudio yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Ni jambo la kufurahisha. Lakini mtungi wa gesi una bei, na ukiisha lazima ujazwe. Na mji ulio mbali hulipia na njia pia. Ndiyo maana fikira zetu zilirudi kwa ng'ombe.

Nchi ya Tarime na Serengeti ni nchi ya ng'ombe. Wakurya hutoa mahari kwa ng'ombe, husomesha kwa ng'ombe, na huko nyuma wamepigana kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe mmoja aliyefungiwa bandani hutoa samadi kiasi cha kilo 10 au zaidi kwa siku. Ikichanganywa na maji kadiri sawa, ikatiwa katika shimo lililojengwa kwa matofali na kufunikwa kama kuba, pasipo hewa kuingia, huchachuka ikatoa gesi iwezayo kuwaka. Gesi hupita katika bomba mpaka jikoni, na moto wake ni wa buluu, hauna moshi. Ng'ombe wawili au watatu wa bandani watosha kupikia nyumba ya watu wa kadiri. Kibakiacho shimoni baada ya gesi kutoka ni mbolea laini ambayo migomba huipenda mno. Kazi hii si ngeni kwetu: taasisi ya CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikijenga mitambo hiyo tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa taifa wa kuieneza majumbani.

Kwa nini basi haikuenea kila mahali? Tusijidanganye. Kwanza, matofali, saruji na bomba vyataka fedha za mkupuo, na mwenye ng'ombe kumi si lazima awe na fedha mfukoni. Pili, ng'ombe wengi wa huku hutembea mchana kutwa, na samadi yao hubaki njiani na mtoni. Ya usiku tu ndiyo hubaki zizini. Tatu, maji. Nyumba iliyo mbali na kisima haitakubali kutia ndoo mbili shimoni wakati watoto hawajaoga. Kwa hiyo mtambo huu wafaa zaidi katika milima ya Tarime, ambako mashamba ni madogo, kahawa na migomba husimama pamoja, na watu wameanza kuwafungia ng'ombe wa maziwa bandani. Kule Mugumu kwa bibi yetu, jiko la udongo kwanza.

Liko swali tuliloulizwa na bwana mmoja baada ya sala ya Alasiri, nalo ni swali zuri. Alisema: katika madhehebu yetu ya Shafii samadi ni najisi, je, chakula kilichopikwa kwa gesi yake kikoje? Tunajibu kwa kadiri ya elimu yetu, na mwenye shaka amwendee sheikh wake. Samadi haikigusi chakula. Imo shimoni, chini ya ardhi, mbali na chungu. Maulamaa wa Shafii wenyewe wameruhusu kutia samadi mashambani, wala hawakusema kwamba mahindi yaliyootea hapo yameharamika. Na Waislamu wa vijiji vya Misri na Bara Hindi wamepikia samadi kavu karne kwa karne. Mikono ioshwe tu baada ya kazi, na nguo ya shambani isiwe ndiyo nguo ya sala.

Tukitaja sala, tumefika msikitini. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi. Kibaba ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri vikiunganishwa, haufiki lita moja. Sasa na atazame mtu bomba la msikiti wake siku ya Ijumaa. Mtu hulifungua, hukunja mikono ya kanzu, humsalimu jirani, humuuliza habari za mtoto mgonjwa, na maji yanakwenda. Tuseme kila mtu apoteza lita tano tu. Watu 60 watapoteza lita 300, ambazo ni madumu 15 ya maji, na huko nje ya msikiti yuko mtoto aliyebeba dumu moja kichwani kutoka chemchemi. Ndoo na kopo la kuchotea vyatosha. Na maji yaliyokwisha tumika yasiachwe yafanye tope mlangoni. Yachimbiwe mfereji yaende kwenye mpapai au mgomba.

Ama chemchemi zenyewe, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za watu katika mita 60 za ukingo wa mto na vyanzo vya maji. Wengi huijua sheria hiyo siku wanapofukuzwa. Inafaa zaidi kuijua mapema, na kupanda hapo miti ya asili ya nchi, si mikaratusi, ambayo hukua upesi na kuleta fedha lakini hunywa maji kwa pupa. Mikaratusi ipandwe juu, kando ya barabara. Wala tusiseme kwamba mto waharibiwa na watu wa chini peke yao: msitu wa Mau ulikwisha kupoteza karibu robo yake ilipofika mwaka 2009. Ndiyo maana Kenya na Tanzania huiadhimisha pamoja Siku ya Mara, tarehe 15 Septemba, tangu mwaka 2012. Hotuba huwa nyingi siku hiyo. Miche pia hupandwa. Mche hutaka kumwagiliwa tarehe 16.

Wakulima wanaopakana na hifadhi walituomba tusiwasahau na tembo wao, maana ni vigumu kumsifia mtu wanyama wa porini na mahindi yake yameliwa usiku. Kule Sagalla, karibu na Tsavo katika Kenya, watu wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, imefungwa kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na tembo wengi hurudi nyuma. Mwenye shamba hubaki na mahindi, na asali juu yake. Mwenye nafasi na ajaribu.

Siku ya mwisho tulikuwa Tarime, katika nyumba ya mama mmoja mjane mwenye ng'ombe watatu wa maziwa. Yeye na jirani zake wawili walikuwa wamekubaliana kuweka akiba kila juma, wajenge mtambo wa kwanza kwake, kisha kwa wa pili, kisha kwa wa tatu. Saruji walikuwa na mifuko minne, imefunikwa kwa turubai chumbani. Wanawe walikuwa wanachimba shimo nyuma ya banda. Tulimwuliza litakwisha lini. Akatazama mbingu, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwa, akawaambia vijana watoke wafunike.

Tulipoondoka shimo lilikuwa limefika kifua cha mtu mzima, na mvua ilikuwa imeanza.