Begi la mpakani hufungwa kuanzia karatasi

Safari nyingi za mpakani huharibika kabla basi halijaondoka. Huharibikia nyumbani, usiku ule mfanyabiashara anapofunga mzigo kwa haraka, akaweka nguo za siku nne kwa safari ya siku moja, akasahau karatasi ambayo afisa ataiulizia kwanza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bwaise, Kampala. Wazazi wangu walikimbia vita miaka ya 1980 nikiwa mtoto wa mgongoni. Nilisoma Bungoma, Kenya, hadi kidato cha nne, ndipo tukarejea Uganda. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, sisi walimu wa shule za binafsi tulibaki bila mshahara, na masomo hayakurejea kikamilifu hadi Januari 2022. Mipaka ilipofunguliwa tena kwa abiria, nilianza kupeleka mikeka na vikapu Busia na Bungoma, nikirudi na vitabu vya Kiswahili. Darasani nimerudi, lakini biashara sikuiacha. Likizo zote niko njiani.

Ndugu msomaji, sisi tuliokulia uhamishoni tuna desturi yetu: tunafungasha kama watu wanaokimbia. Marehemu mama yangu alitunza karatasi za familia ndani ya kopo la Kimbo, na kila tulipohama tulibeba kila kilichobebeka. Hiyo ilikuwa busara ya mtu asiyejua kama atarudi. Mfanyabiashara anajua kwamba atarudi, tena na mzigo. Kwa hiyo begi lake liondoke nusu tupu. Lakini lile kopo la mama tusilitupe, maana karatasi ndizo za kwanza.

Tangu mwaka 2014, raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Anayeelekea Tanzania kupitia Mutukula asitegemee hicho. Abebe pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwetu tuliorejea kuna jambo la ziada, nalo ni majina. Wengi wetu tuliandikwa hivi shuleni Kenya au Tanzania, na vingine kwenye kitambulisho cha Uganda. Herufi moja tu inatosha kukuweka benchi nusu siku. Tafuta wakili akuandalie hati ya kiapo inayosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, na uibebe daima. Vyeti vya shule na karatasi za zamani za ukimbizi acha nyumbani, beba nakala tu.

Busia, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi mbili Februari 2018, unakamilisha taratibu za nchi zote mbili upande ule unaoingia. Basi weka karatasi mahali mkono unapofika, si chini ya gunia.

Kwa mwenye mtaji mdogo, karatasi yenye faida kubwa ni cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa. Kinatolewa bure palepale mpakani, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, mradi bidhaa zimetoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zimo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kinakuondolea ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine na vibali vya afya ya mimea havifutiki. Mikeka yangu inafuzu. Mitumba ya Owino haifuzu, hata kama umeinunua Kampala, kwa sababu haikutengenezwa huku.

Jirani yangu mmoja hakuwahi kuambiwa habari za cheti hicho. Kijana mmoja akamshauri apitie njia ya panya ili akwepe ushuru. Mzigo wake ulikamatwa wote, na fedha hiyo ilikuwa ya mkopo wa kikundi pamoja na karo ya watoto wawili. Ushuru aliokuwa akiukimbia hakupaswa hata kuulipa. Ndiyo maana naandika haya.

Sasa twende kwenye begi lenyewe. Sisi wa Bwaise tunajua maji. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, zikizidi, maji ya mtaro hutufuata hadi chini ya vitanda. Tumezoea kufunga karatasi ndani ya kaveera. Lakini kaveera hiyo usivuke nayo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na faini yake ni kuanzia shilingi milioni 2 hadi milioni 4 za Kenya, au kifungo. Tanzania ilifuata Juni 2019. Rwanda ilitangulia tangu 2008. Tumia kopo gumu la plastiki lenye mfuniko, na bidhaa zako zitie kwenye gunia au kikapu.

Nguo ni seti moja ya kubadilisha, sweta la basi la usiku, na leso moja. Leso ni shuka, ni taulo, ni pazia, na ikibidi inafunga mzigo. Ongeza sindano ya gunia na kamba, kalamu ya wino mzito ya kuandika jina juu ya kila gunia, kikokotoo, na daftari dogo. Andika kila shilingi inayotoka, hata ya choo na ya mbeba mizigo, siku hiyohiyo. Faida nyingi tunazozisimulia hufa ndani ya matumizi yasiyoandikwa.

Fedha igawe sehemu tatu: ya nauli na chakula mfukoni, ya kununulia bidhaa mwilini chini ya nguo, na akiba kwenye simu. Noti kubwa zisitoke hadharani. Badilisha kwenye duka lenye leseni, na piga hesabu yako mwenyewe kabla hujafika dirishani.

Ndani ya basi, kula ulichofunga nyumbani na usipokee soda au biskuti kwa abiria usiyemjua, hata akikuita dada au kaka. Shuka kila basi linaposimamishwa kwa ukaguzi, ukasimame karibu na mzigo wako. Ukifika kwa afisa, msalimie kwa heshima, toa karatasi zote pamoja, jibu ulichoulizwa, na usimpe dalali kitambulisho chako akakitembeze.

La mwisho hufanywa kabla ya kufunga mlango. Nyanyua magodoro na daftari za watoto juu ya meza, maana mvua haingoji urudi. Mwachie mtu mmoja wa nyumbani namba ya mwenyeji wako na jina la basi. Kisha pima begi kwa mkono. Kama huwezi kulibeba peke yako kutoka basi hadi dirisha la forodha, lifungue upunguze, ila kopo la karatasi usiliguse.