Kuletewa Habari Badala ya Kuzifuata

Nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu, waalimu wetu na wazazi jambo moja nililojifunza mwaka jana kwa hasara yangu mwenyewe.

Mwaka jana nilikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa nimeandika insha juu ya mto Ruaha Mkuu na maji ya bonde la Usangu, nikingoja mashindano ya insha ambayo nilijua yatatangazwa katika tovuti fulani. Hapa shuleni simu hazikubaliwi, nasi wa bweni twapata nusu saa tu ya intaneti kila Jumamosi katika chumba cha kompyuta. Desturi yangu ilikuwa kufungua tovuti zangu saba, moja baada ya moja. Nne au tano hazikuwa na neno jipya, na kabla sijaifikia ya mwisho kengele hulia. Tovuti ya mashindano ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Siku nilipoifikia, tangazo lilikuwa na umri wa majuma matatu, na muda wa kupokea insha ulikuwa umekwisha Alhamisi iliyopita. Mama yangu, auzaye viazi sokoni Iringa, alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba mwanawe atashindana. Nilipofika nyumbani likizoni niliona haya kumweleza.

Mwalimu wetu wa kompyuta aliposikia alinipa pole, kisha akasema, "Wewe wapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari. Kwa nini huna sanduku la posta?"

Maana yake ni hii. Tuseme una ndugu Tukuyu, Makambako na Mafinga. Ukitaka habari zao waweza kupanda basi kila juma na kuwatembelea wote, hata wale wasio na jipya. Au waweza kuwa na sanduku moja la posta hapa Mbeya, na kila mwenye neno akaandika barua. Wewe hufungua sanduku moja tu, ukazikuta barua zote. Katika intaneti sanduku hilo lapatikana kwa njia ya milisho.

Mlisho ni faili ndogo ambayo tovuti huiweka pembeni, isiyokusudiwa kusomwa na mtu bali na programu. Ndani yake mna orodha ya habari za karibuni: kichwa cha kila habari, tarehe yake, anwani yake, na mara nyingi muhtasari. Programu ya kusomea milisho huichukua orodha hiyo kila baada ya muda, hulinganisha na ile iliyoichukua kwanza, kisha hukuonyesha yale mapya tu. Kwa kuwa orodha hiyo ni maandishi matupu, hula data kidogo kuliko kufungua kurasa zenye picha. Wazazi wanunuao vifurushi vya simu watalielewa jambo hili upesi.

Njia hii si mpya. Aina ya mlisho iitwayo RSS ilianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape huko Marekani. Miongoni mwa waliotengeneza toleo la 1.0 la mwaka 2000 alikuwamo Aaron Swartz, kijana wa miaka 14, yaani mdogo kuliko wengi wetu wa kidato cha nne! Google nayo ilikuwa na programu iliyopendwa sana ya kusomea milisho, ikaifunga mwaka 2013. Lakini milisho yenyewe haikufa, kwa sababu si mali ya kampuni moja.

Sasa nieleze tufanyavyo sisi. Mwalimu aliweka katika kompyuta programu ya bure iitwayo Thunderbird. Kwanza twatafuta anwani ya mlisho. Tovuti nyingine huonyesha alama ya rangi ya machungwa yenye nukta na mistari miwili iliyopinda. Nyingi zilizojengwa kwa WordPress, yatosha kuongeza neno "feed" mwishoni mwa anwani. Kisha twainakili anwani hiyo na kuibandika katika programu. Kazi imekwisha. Hukuulizwa jina wala namba ya simu. Mimi nafuata BBC Swahili, na pia ukurasa wa Mkwawa katika Wikipedia ya Kiswahili, kwani kila ukurasa wa Wikipedia una mlisho wa mabadiliko yake. Mtu akigusa habari za shujaa wetu, ambaye fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na kuwekwa Kalenga, mimi napata kujua.

Hata hivyo, yapasa kuonya. Kwanza, si kila tovuti ina mlisho. Pili, orodha hubeba habari chache za mwisho tu. Tovuti iandikayo mengi kila siku huyaondoa ya zamani, basi kompyuta isiyowashwa juma zima hukosa baadhi. Tatu, mlisho hauchagui kweli na uwongo. Huleta kila kitu kwa tarehe yake, na kupima ni kazi yako. Nne, usiwe na tamaa. Mwenzangu mmoja alifuata tovuti arobaini, akakuta vichwa mia nane, asisome hata kimoja.

Muhula huu nusu saa yangu yanitosha na kubaki. Dakika tano za kwanza naona yote yaliyo mapya, zilizosalia nasoma. Jumamosi ya pili baada ya kufungua shule, tangazo la mashindano ya mwaka huu lilikuwa juu kabisa ya orodha, lina siku tatu tu. Niliitoa insha yangu sandukuni, nikaisahihisha juma zima, na Jumamosi iliyofuata nikaituma.

Majibu hayajatoka. Lakini safari hii nimemwandikia mama mwenyewe, nikamwambia kwamba insha imefika kwa wakati. Tovuti ile itakapotangaza washindi, sitahitaji kwenda kuwauliza.