Nguzo ya Mtarakwa na Misonobari ya Miaka 4,000

Jirani yangu mmoja hapa Ngoingwa, mzee aliyestaafu kazi ya ukarani, aliuza sehemu ya shamba lake la kahawa ili igawanywe viwanja vya nyumba. Kabla ya wapimaji kuja ilimpasa kung'oa ua wa zamani, yaani seng'enge iliyoshika kutu pamoja na nguzo zake, ambao ulikuwapo tangu kabla yeye hajalinunua shamba lile. Aliniita nimsaidie. Nguzo za mkaratusi zilizotiwa miaka ya karibuni zilivunjika mikononi mwetu kama mkate mkavu, maana mchwa walikuwa wamekula ndani yote na kuacha ganda tupu. Lakini zile 5 za kwanza, nyeusi na zenye nyufa, zilitushinda mpaka mchana. Tulipozitoa tuliona ya kuwa hata sehemu iliyokaa udongoni muda wote ule ilikuwa imeliwa kidogo tu upande wa nje.

Kijana mmoja mwenye mkokoteni alikuwa amesimama akitaka kuzinunua kwa bei ya kuni. Mzee akachukua msumeno, akakata ncha ya nguzo moja. Ndani ilikuwa nyekundu, nayo harufu ikatoka, harufu ile ile ya penseli iliyochongwa sasa hivi.

"Mzee wangu," nikamwambia, "huu ni mtarakwa."

Akacheka. "Mimi nimechonga penseli ofisini miaka 30, harufu hiyo huniambii wewe. Niambie mti huu ulikuwa na umri gani ulipokatwa."

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike habari hizi, kwa kuwa jibu lake si rahisi kama watu wengi wanavyodhani.

Katika nchi za baridi, mti hukua wakati wa joto na hulala wakati wa baridi kali. Kila mwaka huongeza tabaka moja la mti mpya chini ya gome, na mti ukikatwa matabaka hayo huonekana kama pete, moja ndani ya nyingine. Mwenye kuhesabu pete amehesabu miaka. Lakini sisi wa huku karibu na ikweta hatuna baridi ya namna hiyo. Tunazo mvua mbili, ya njahi na ya mwere, na mtarakwa waweza kutia pete mbili katika mwaka mmoja, au katika mwaka wa ukame usitie hata moja iliyo kamili. Mimi nilihesabu pete 90 na zaidi katika nguzo ile, lakini sikuthubutu kumwambia mzee ya kuwa ni miaka 90.

Tena kuna jambo la pili. Nguzo ile haikuwa mviringo. Ilikuwa na pembe, kama kipande cha muwa kilichopasuliwa. Zamani watu hawakukata mitarakwa michanga kwa nguzo. Walichukua gogo la mti mzee, wakalipasua kwa kabari, kila kipande kikawa nguzo moja. Kwa hiyo pete nilizohesabu ni sehemu tu ya mti. Katikati yake, ulipoanza kuota, hatukuwa napo, wala upande wa gome hatukuwa nao.

Basi na tutazame nchi ambako hesabu hii imefanywa kwa uhakika. Katika milima iitwayo White Mountains, jimbo la California huko Marekani, kuna misonobari inayoota kwenye kimo cha meta 3,000 na zaidi juu ya bahari. Hiyo ni mara mbili ya kimo cha Thika. Mvua ni haba, upepo ni mkali, na udongo ni mawe meupe ya chokaa ambayo mkulima wa hapa asingeyapokea hata bure. Mtu angetazamia kuikuta huko miti iliyodumaa na kufa mapema. Imedumaa kweli, lakini haifi.

Mtaalamu Edmund Schulman wa Chuo Kikuu cha Arizona alikwenda kuichunguza katika miaka ya 1950. Hakuikata. Alitumia keekee nyembamba yenye tundu, ambayo huzungushwa ndani ya mti na kutoa kijiti chembamba kama penseli, chenye pete zote kutoka gome hata kiini, na kidonda kinachobaki ni kidogo. Mwaka 1957 alipata mti mmoja wa miaka 4,789. Ukaitwa Methusela, kwa jina la yule mzee wa kitabu cha Mwanzo aliyeishi miaka 969, na yafaa kusema ya kuwa mti umemshinda mwenye jina kwa mbali sana. Ulipochipuka, piramidi kubwa ya Giza katika nchi ya Misri ilikuwa haijajengwa. Wenye kuulinda hawawaambii wageni ni upi hasa, kwa kuogopa watu wanaopenda kuvunja tawi la ukumbusho.

Sababu ya umri huo yatoka katika dhiki yenyewe. Mti unaokua polepole hufanya mti mgumu, uliojaa utomvu, ambao wadudu na kuvu hawauwezi. Majani yake, yaliyo kama sindano, hukaa mtini miaka 30 au zaidi, kwa hiyo katika mwaka mbaya mti haulazimiki kutumia nguvu kutia majani mapya. Na mizizi ya upande mmoja ikifa, upande ule wa shina hufa pamoja nayo, lakini upande mwingine huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Iko mizee ambayo karibu shina lote limekufa na kubaki kama mfupa, na ukanda mmoja tu wa gome, pengine usiozidi upana wa mikono miwili, ndio unaolisha tawi moja la kijani. Tena kwa kuwa miti husimama mbalimbali na chini yake hakuna majani wala nyasi za kutosha, moto haupati njia. Misonobari ya namna hiyo hiyo iliyoota chini zaidi, penye udongo mzuri na maji, huwa mikubwa na ya kupendeza, na hufa mapema kuliko ile ya mawe.

Mwaka 1964 jambo la kusikitisha lilitukia katika jimbo la jirani la Nevada, kwenye mlima Wheeler Peak. Mwanafunzi mmoja wa jiografia, Donald Currey, alikuwa akichunguza habari za barafu ya kale, naye alitaka kujua umri wa msonobari fulani. Keekee haikumfaa kwa mti ule. Akaomba ruhusa ya kuukata kwa idara ya misitu, akapewa, ukakatwa. Pete zilipohesabiwa zilikuwa 4,862. Ulikuwa mti mzee kuliko miti yote iliyopata kuhesabiwa mpaka siku ile, na sasa ulikuwa umelala chini. Hakuna aliyevunja sheria. Karatasi zote zilikuwa na mihuri.

Msomaji aweza kuuliza, miti ya Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia moja ambayo wachache wanaijua. Mwaka 1949 Willard Libby alionyesha namna ya kupima umri wa mkaa, mbao au mifupa ya kale kwa kupima kaboni iliyomo. Lakini kipimo hicho kilikuwa na makosa, na kadiri kitu kilivyokuwa cha kale zaidi ndivyo makosa yalivyozidi. Vipande vya misonobari ile, mizima na iliyokufa zamani, viliunganishwa pete kwa pete mpaka wakapata hesabu ya miaka maelfu mfululizo, kisha kila kipande kikapimwa kaboni yake. Hivyo kipimo kikasahihishwa. Na mkaa uliochimbwa katika tanuri za kale za kuyeyushia chuma huko Buhaya, Tanzania, ambao watuonyesha ya kuwa wazee wetu waliyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita, umri wake hupimwa kwa kipimo kilichosahihishwa kwa njia hiyo.

Sasa turudi kwetu. Kenya haina msonobari wake. Ile tunayoiona juu huko Kinale imepandwa, na asili yake ni Mexico. Aina nyingine, iliyotoka California, ilipandwa kwa wingi pia, lakini katika miaka ya 1960 ugonjwa wa majani uliishambulia vibaya hata upandaji wake ukaachwa. Vivyo hivyo mti wa ua ambao wengi hapa Kiambu huuita mutarakwa, ule unaokatwa vizuri kwa panga mbele ya nyumba, si mtarakwa hata kidogo. Huo pia asili yake ni Mexico na nchi jirani zake. Jina limehama kutoka kwa mwenyewe likaenda kwa mgeni, na nadhani hiyo ni dalili ya kuwa tumeanza kumsahau mwenyewe.

Mtarakwa wenyewe, ambao Wamasai huuita oltarakwai, huota katika milima yetu kuanzia kimo cha meta 1,800 hivi mpaka karibu 3,000. Ni jamaa wa mbali wa misonobari, nao pia hukua polepole. Hupenda upande wa mlima usio na mvua nyingi. Miti iliyozeeka sana mara nyingi huoza ndani ikawa na uwazi, na hiyo ni sababu nyingine inayofanya umri wake usihesabike. Wagikuyu wa zamani walijenga nyumba kwa mbao zake, wafuga nyuki walichonga mizinga yake, walowezi wakaezeka kwa vigae vyake, na viwanda vya penseli vikauchukua ng'ambo.

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu akisimama Ngoingwa huiona Nyandarua upande wa magharibi na Kirinyaga upande wa kaskazini. Chania na Thika zatoka Nyandarua. Kule juu ukungu hukamatwa na miti, maji huingia polepole katika udongo laini wenye majani yaliyooza, na kutoka polepole hata wakati wa kiangazi. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na ambalo huweka maji kama meta za ujazo milioni 70, hujazwa na mto Thika na mingine itokayo huko, na Nairobi hunywa humo. Mwaka 1999 msitu wa Mlima Kenya ulichunguzwa kwa ndege, ikaonekana ya kuwa maelfu ya miti ya asili imekatwa kwa siri. Nyandarua ikazungushiwa ua wa umeme wa kilometa 400 hivi, uliokamilika mwaka 2009. Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yake, na Julai 2023 Rais akatangaza kuondoa marufuku hiyo kwa miti iliyopandwa na kukomaa. Mtarakwa wa msituni haumo katika ruhusa hiyo.

Nasema hayo kwa sababu yule kijana wa mkokoteni, alipoona mzee hauzi, alimnong'oneza jambo jingine. "Mzee, kama wazipenda hizi, nitakuletea mpya. Zashuka usiku. Nguzo 40 kwa bei ya 20."

Mzee alikuwa na shida ya ua. Mpaka mpya wa shamba ulikuwa wazi, na ng'ombe wa watu huingia. Fedha za kiwanja zilikuwa na kazi nyingine. Akanitazama, nami nikamwomba kijana atuonyeshe moja. Kesho yake alileta, imefunikwa gunia. Ilikuwa ya mviringo, nene kama mguu wa mtu. Tulipoikata, wekundu katikati ulikuwa mdogo kama sarafu, na sehemu nyingine yote ilikuwa nyeupe. Hapo ndipo mkulima yampasa afungue macho. Ni ule moyo mwekundu wa mtarakwa tu ambao mchwa hawauwezi. Weupe wa nje huliwa kama mti mwingine wowote. Kwa hiyo kinachoshuka usiku ni mti mchanga, ambao kama ungeachwa ungekuwa mtarakwa kweli wakati wa wajukuu, nao shambani utaoza baada ya misimu michache. Mnunuzi ameibiwa, na msitu umeibiwa.

Mzee akamrudishia nguzo yake. Kijana hakukasirika sana. Alisema ya kuwa wanunuzi ni wengi barabara ya Mang'u, na hapana shaka alisema kweli.

Kwa ua tulipiga hesabu nyingine. Nguzo za mkaratusi zilizokaushwa na kutiwa dawa kwa mashine ya kushindilia, kama zile za umeme, ni ghali kuliko mbichi lakini hudumu. Kupaka mafuta machafu ya gari, kama tufanyavyo wengi, ni kazi bure, kwa kuwa mafuta hubaki juu tu. Nguzo za saruji ni nzito na bei yake hupanda, lakini mchwa hana la kufanya nazo. Mzee alichagua saruji kwenye pembe na mkaratusi wa dawa katikati, akazipanga kwa hatua ndefu kidogo, na mahali penye mwanya akapanda mikima, ambayo baadaye itashika seng'enge yenyewe.

Zile nguzo 5 za zamani, nne zimerudishwa ardhini kwenye lango, kichwa chini, ule upande uliokuwa juu sasa ukiwa udongoni. Ya tano ndiyo ile tuliyoikata. Mama wa nyumba aliomba vipande vyake vidogo, akaviweka sandukuni pamoja na mablanketi, maana nondo hawaipendi harufu hiyo. Kipande kimoja mzee aliniachia mimi. Kipo mezani hapa ninapoandika, nami nimezihesabu pete zake tena mara mbili, kila mara nikapata hesabu nyingine.