Je, Wajua? Bastola Kuukuu na Siri ya Namba Zake

Je, wajua kuwa ukishuka gati ya Mokowe na kushika njia ya Witu unaingia nchi iliyokuwa himaya ya Wajerumani tangu 1885 hadi 1890? Ndugu wa Kijerumani wa ukoo wa Denhardt ndio waliopatana na Sultani Ahmed wa Witu, maarufu kwa jina la Simba. Enzi hizo afisa wa jeshi la Ujerumani alibeba bastola ya risasi sita, ya muundo wa 1879 au wa 1883. Zilizotoka kiwanda cha serikali cha Erfurt ziligongwa jina la mji na mwaka. Hapo huhitaji kupiga ramli kujua umri wake.

Je, wajua kuwa gobore nyingi za baruti hazikuwa na namba yoyote? Fundi alizichonga kwa mkono, basi mwaka wake utafutwe kwenye umbo la mtambo na alama za ukaguzi.

Je, wajua kuwa bastola mbili za Luger zaweza kubeba namba moja, na zote zikawa halisi? Jeshi la Ujerumani liliipokea Luger mwaka 1908. Kiwandani walihesabu hadi 10000, wakarudi 1 wakiongeza herufi a, kisha b, na kuendelea. Mwaka mpya ulipoingia, hesabu ilianza upya. Kwa hiyo 4321b yaweza kuwa ya 1916, na yaweza kuwa ya 1917. Kinachoamua ni mwaka uliogongwa juu ya chemba. Muuzaji anayekutajia umri wa Luger ya jeshi kwa namba tupu, mwache na bei yake.

Hata huo mwaka una hila. Luger nyingine zina miaka miwili, tuseme 1918 na 1920. Wa pili si wa kutengenezwa: ni chapa ya mali ya serikali, iliyogongwa baada ya vita. Mwaka 1934 kiwanda cha Mauser kikaficha tarehe kabisa, kikagonga herufi K. 1935 ikawa G.

Je, wajua kuwa vipande vidogo vya Luger hubeba tarakimu mbili za mwisho za namba kuu? Zisipolingana, ujue kuna kipande kimetoka bastola nyingine. Mkusanyaji wa vitu vya kale hapo hukunja uso.

Kwa nini mafichoficho yote haya? Namba husema zaidi ya umri. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanatakwimu wa Uingereza na Marekani walisoma namba za vifaru vya Ujerumani vilivyotekwa, wakakadiria kuwa Agosti 1942 vilitengenezwa 327. Majasusi walikuwa wamesema 1,550. Daftari za Wajerumani zilipopatikana baada ya vita, zilikuwa na 342.

Je, wajua kuwa katika kuhesabu bastola Wamarekani walifanya kinyume cha Wajerumani? Bastola yao ya M1911 kwa sehemu kubwa ilihesabiwa mfululizo, bila kuanza upya kila mwaka: 1 hadi 17250 ni za 1912, na kufikia 1945 hesabu ilikuwa imepita milioni 2.6. Hapo mara nyingi namba na orodha ya kiwanda zinatosha.

Na Singer, wale wale wa cherehani, walitengeneza bastola hizo 500 tu, S800001 hadi S800500. Leo wakusanyaji huzigombania kwa fedha nyingi sana. Cherehani nayo ina namba yake, na kampuni iliweka daftari za miaka. Ya bibi ikiwa imetoka Clydebank, Scotland, ni ya kati ya 1885 na 1980.

Je, wajua kuwa namba kwenye mzinga wa kale wa Kiingereza mara nyingi ni uzito? Ukiona 12-2-14, zidisha 12 kwa ratili 112, ongeza 2 mara 28, kisha 14: ratili 1,414, karibu kilo 641. Umri utazame kwenye chapa ya taji na herufi za mfalme.

Na mwizi wa silaha akiikwangua namba kwa tupa? Haipotei kirahisi. Pigo la chapa hukandamiza chuma hadi chini ya maandishi yanayoonekana. Mtaalamu wa maabara hupaka asidi, na sehemu iliyokandamizwa huliwa tofauti na chuma kingine. Tarakimu huibuka moja moja.