Mama, Ardhi Unayoikanyaga ni Ghala

Akina mama wa Chunya wanaokwenda kuchuma uyoga wakati wa mvua hawatangitangi ovyo. Wanajua kwamba uyoga mwingi hauoti kwenye shamba la tumbaku, bali chini ya miombo na mitundu. (Ule wa kwenye kichuguu ni jambo jingine, una mkulima wake, mchwa.) Uyoga wa msituni huishi pamoja na mizizi ya miti hiyo. Wenyewe huupatia mti maji na chumvichumvi za ardhini, na mti huulipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Miti ikifyekwa, mwaka unaofuata kikapu hurudi kitupu.

Sukari hiyo, mpendwa msomaji, imetoka hewani. Majani huvuta hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani na ile inayotoka kwenye moshi wa kuni na magari. Sehemu yake hugeuka shina na matawi, na sehemu nyingine hushuka kupitia mizizi na majani yaliyooza, ikakaa udongoni miaka mingi. Kiasi gani? Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi kwenye miombo ya Msumbiji, karibu na Gorongosa, walitoa hesabu yao. Hekta moja ilikuwa na wastani wa tani 110 za kaboni, na kati ya hizo kama 76 zilikuwa kwenye udongo. Sisi tunapoutazama msitu tunaona mbao na kuni, kumbe mali nyingi imezikwa chini ya miguu yetu.

Ghala kubwa kuliko yote

Ghala kubwa zaidi la namna hii liko mbali sana nasi, huko Siberia, Alaska na Kanada ya kaskazini. Huko kuna ardhi iliyoganda kama jiwe kiangazi na kipupwe, na pengine imeganda kwa maelfu ya miaka. Ndani yake mna mizizi, majani na hata mizoga ya wanyama wa kale ambayo haikupata kuoza, kama vile nyama isivyooza ndani ya friji. Wataalamu hukadiria kwamba mna kaboni karibu mara mbili ya ile iliyoko hewani sasa. Vijana wenye shahada ya uzamivu huhamia huko miaka miwili mitatu kupima jambo moja: friji hilo likizimika, itatoka hewa kiasi gani, na kwa kasi gani?

Swali lao si la kubuni. Tarehe 20 Juni 2020, katika mji wa Verkhoyansk, Siberia, joto lilifika nyuzi 38. Mwezi uliotangulia, huko Norilsk, tangi kubwa la mafuta lilipasuka na kumwaga tani zipatazo 20,000 za dizeli. Wenye tangi walisema nguzo zake zilititia kwa sababu ardhi iliyoganda ilikuwa imelainika. Na vijidudu vya udongoni, joto likipanda, huanza kula mabaki hayo ya kale na kutoa hewa ya ukaa na methani.

Je, hayo yanatuhusu? Hewa haina mpaka wala pasipoti. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huifanya hewa iweze kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na mvuke huo ukishuka, hushuka kwa nguvu. Tunaikumbuka El Niño ya 1997/98. Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha matope ya Mlima Hanang juu ya mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walifariki. Hata barafu ya Kilimanjaro, kati ya 1912 na 2007, ilipungua eneo lake kwa karibu asilimia 85.

Kuni za bani

Ghala letu la Chunya haliyeyuki, bali linaungua. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto mfululizo karibu juma zima, usiku na mchana, na bani moja hurudia mara nyingi kwa msimu. Ongeza mkaa, na magogo ya kuegemeza mashimo ya dhahabu, ambayo Lupa imeyachimba tangu miaka ya 1920. Mara nyingi kazi ya kuchuma majani, kuyafunga na kutafuta kuni huwa ya mama na watoto, na siku ya malipo fedha hupita mkononi mwa baba. Kwa maoni yangu nyumba inayolima tumbaku ingezungumza kwanza juu ya hili kabla ya kuzungumza juu ya hewa.

Lakini miombo ina huruma. Kisiki kilichoachwa na mizizi yake huchipua tena chenyewe, bila kitalu wala kumwagilia, mradi kisilimwe wala kuunguzwa kila mwaka. Huko Ndola, Zambia, mwaka 1933 wataalamu wa misitu walianza jaribio lililodumu karibu miaka 50. Sehemu zilizochomwa mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa, miti mikubwa ilikufa moja baada ya nyingine. Zile zilizochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, zilisalimika, na zile zilizolindwa moto zilisitawi zaidi.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Gesi itafika Makongolosi mapema kuliko vijiji vya ndani, na bei yake si ndogo. Wakati tukingoja, jiko banifu la udongo hula kuni chache kuliko mafiga matatu, na fundi wa kulijenga hupatikana katika vijiji vingi. Kwa upande wa moto wa shambani, mwezi wa kuzungumza na baba watoto ni Mei au Juni, si Oktoba, wakati upepo unavuma na kila kitu kimekauka.